Kuta za Kusukuma

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Dada yangu kipenzi,

...na tena sikukumalizia habari ya ua, maana dereva wa gari la vifurushi alikuwa ananipigia honi, nikafunga bahasha huku neno bado liko kwenye ncha ya kalamu. Ua ndio nyumba yenyewe, dada. Vyumba vyote vimeuzunguka, vinautazama, kama ndugu waliokaa kuota moto. Upande wa barabarani hakuna hata dirisha. Ni ukuta mweupe mtupu na mlango mmoja, mpita njia atadhani ni ghala la saruji. Lakini ukishaingia, mbingu yote ni yako, imekatwa mraba kama kitambaa cha mezani, na mawingu yanapita juu yako ukiwa umejilaza sakafuni na mume wako, mnabishana lile linafanana na nini.

Halafu kuta. Kuta za ndani hazikujengwa chini, zinaning'inia kwenye reli zilizo juu, nyepesi, unazisukuma kwa kidole. Asubuhi chumba chetu kiko mashariki tupate jua. Mchana tunaziachia zote, nyumba inakuwa ukumbi mmoja. Jioni tunajifungia upande tulioupenda siku hiyo. Mume wangu, Bwana Rula (ndiyo, nimeanza kumwita hivyo, na anaitika, maana hata akilala rula iko mfukoni) anasema nyumba nyingi huwaamrisha watu wakae wapi, hii yetu itawauliza. Aliposema hivyo nilimbusu mbele ya fundi seremala, fundi akageuka kuhesabu misumari.

Kwenye boksi hili utakuta kijumba cha karatasi ngumu. Ndiyo nyumba yetu, imepunguzwa tu, na kuta zake zinasukumika vile vile. Utakuta pia watu watatu wa kitambaa. Mume wangu hachori ramani ya nyumba bila kuweka watu wa kipimo, ili macho yasidanganyike kuhusu ukubwa wa mlango. Kwa kawaida huwachora. Mimi nikamwambia nyumba yangu haikai watu wa wino, nikawashona kwa vipande vilivyobaki vya gauni langu la harusi, lile uliloshona mwenyewe. Mimi na yeye nimetuweka chumbani. Wewe nimekuacha nje ya kuta. Sogeza utakavyo, ujichagulie chumba, uniandikie ni kipi, tukitayarishe.

Maana uliniahidi, dada. Siku ile unanifunga zipu ya gauni, machozi yanakudondokea mgongoni mwangu, uliniahidi kwamba nikipata pangu utakuja kukaa nami. Umenilea tangu mama alipotutoka, ukaacha yako mengi kwa ajili yangu. Sasa kila nikiamka nina furaha hata kifua kinauma, kisha nakumbuka uko peke yako na cherehani, na furaha inapungua upande mmoja kama meza yenye mguu mfupi. Nataka isimame sawasawa. Njoo.

Mtandao wa simu huku kwenye viwanja vipya bado ni ndoto, kwa hiyo tumtegemee dereva wetu.

Wako mwenye mapenzi tele,
Chiriku


Ijumaa, tarehe 6 Juni

Chiriku wangu,

Boksi limefika, kona moja imebonyea ila ya ndani yote salama. Nimekiweka kijumba chenu juu ya meza ya kukatia, na mteja mmoja ameniuliza kama nimeanza kufuga njiwa.

Ni kizuri. Mwambie shemeji nimekizunguka mara nyingi kuliko ninavyozunguka bibi harusi mwenye mwili mgumu kuvika. Nina swali moja tu kwake. Katika nyumba isiyo na ukuta wa kusimama, mtu akinuna anakwenda kununia wapi? Maana mimi nakujua wewe. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanunia nyuma ya kabati, na kabati lilikuwa halisukumiki.

Kuhusu kuja, mdogo wangu, tulia. Nina sare za shule mbili nzima, na walimu wakuu hawajui neno subira. Na hata bila sare, penzi jipya ni kama nguo iliyotoka sasa hivi kwenye pasi, ukiikalia mapema inakunjika. Kaeni kwanza wawili, mzoeane, mgombane, mpatane. Dada yupo tu, haozi.

Ili usinililie, nimejichagulia. Jana nilivuta ukuta wa sebule kikatokea chumba kati ya jiko na bafu, kinachotazama ua. Nikamweka yule mtu wangu wa kitambaa, nikamkalisha ageukie nje aone mnavyocheza. Haya, nimeshahamia. Mwache yeye akae nanyi kwanza, mimi nitafuata kazi zikipungua.

Kula, ulale, usimchoshe mume wa watu kwa maneno.

Dada yako


Jumamosi, tarehe 7 Juni

Dada wa mimi,

Sijapata jibu lako, dereva hajapita, lakini siwezi kungoja. Bwana Rula amenifanyia jambo tamu, na utamu zaidi ni kwamba anakataa kuwa ni yeye.

Juzi nilitoka kuoga, taulo kichwani, nikakuta ukuta wa sebule umesogezwa mpaka karibu na jiko. Kimetokea chumba ambacho hatujawahi kukipanga, kidogo, kizuri, kinatazama ua. Moyo ukaniambia papo hapo kwamba hiki ni chako. Nikamkimbilia nikamwambia asante. Akasema asante ya nini. Nikamshika mkono nikampeleka. Alisimama mlangoni, akatoa rula, akapima, akaandika kiganjani, akapima tena. Akaapa hakukigusa. Fundi seremala naye akasema hakuja siku hiyo, alikuwa na jeneza la watu. Nikacheka, nikamwambia mume wangu kwamba ni mwongo mtamu kuliko wote, na akicheza hivi maisha yetu yote sitachoka.

Nimekwisha kutia kitanda, shuka zile za maua, na kiti. Na dada, usinione mtoto, lakini chumba hiki kina watu. Sijui niseme vipi. Si cha kuogopesha. Jana mchana mume wangu akiwa kazini nilikuwa naosha vyombo, nikasikia ng'ambo ya ukuta sauti ya mkasi unakata kitambaa. Ile ya taratibu, ndefu, unapokata bila kuinua mkono. Sauti ya utoto wangu wote. Nikaenda na mapovu mikononi. Hapakuwa na mtu. Shuka ilikuwa imebonyea pembeni, kama mtu aliyekaa akainuka. Nikakaa pale pale. Palikuwa na uvuguvugu.

Nadhani hamu imenizidi mpaka inatoa sauti. Bwana Rula ananiambia nipunguze chai, lakini naye nimemwona akipita pale hupita kwa adabu, kama anayepita mbele ya mkwe.

Niambie basi umechagua wapi. Ukisema kwingine nitasukuma kuta zote upya kwa furaha.

Chiriku wako


Jumanne, tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Ukiisoma yangu ya Ijumaa utaona kwamba chumba hicho, kati ya jiko na bafu, ndicho nilichokipanga mimi kwenye kijumba. Siku hiyo hiyo. Ulikiona kabla sijakuandikia.

Najua utasema tumetoka tumbo moja. Na mimi nilisema hivyo, nikacheka peke yangu, nikaendelea kushona. Lakini jana baada ya kusoma barua yako niliinama kukitazama kijumba vizuri. Chumba chenu wewe na shemeji kimepungua. Kuta zake zimekaribiana mpaka wale watu wenu wawili wamegusana mabega, na ule uwazi wa kutokea uani umezibwa. Mimi sikuzigusa. Ufunguo wa hapa ninao mimi peke yangu, na hakuna upepo unaosukuma ukuta mmoja ukaacha mwingine.

Nilinyoosha kidole nifungue. Nikakirudisha. Niliwaza, je, nikisukuma ukuta huu na huko mdogo wangu amesimama kwenye njia yake? Nilikaa na kidole hewani kama mwehu. Mwenye kutaka kunicheka na anicheke, wewe ukiwemo, ila fanya ninayokuambia.

Jumamosi, saa sita mchana, jua likiwa utosini, tokeni wote wawili mkasimame katikati ya ua, mbali na reli zote. Mshikane mikono, hilo najua halitawapa shida. Mimi saa hiyo nitazifungua kuta zote kwa mara moja, kisha nitakitia kijumba kwenye boksi nikifunge. Nadhani nikishaacha kukichezea, mambo yatatulia.

Usinijibu kwa mzaha.

Dada yako


Jumapili, tarehe 15 Juni

Dada yangu, roho yangu,

Nakuandikia huku nakuona. Umekaa ng'ambo ya ua, mikono mapajani, unatazama ninavyoandika. Niliposema sasa barua ya nini wakati mwenyewe umefika, ulinitazama ukasema, "Ijibu. Barua isiyojibiwa humleta mwenyewe." Nikacheka. Basi naijibu, dereva akipita aipeleke kwenye nyumba tupu.

Ngoja nikusimulie kama hukuwepo. Barua yako ilifika Ijumaa. Ni kweli chumba chetu kilikuwa kimebana. Tangu katikati ya wiki tulikuwa tunaingilia dirisha la uani, Bwana Rula ananishika kiuno na mimi najifanya naanguka ili anishike zaidi. Hatukuona ubaya. Nilidhani ndiyo nyumba ya kisasa hiyo, inawajua wapenzi. Lakini tulikutii. Jana saa sita tukasimama katikati ya ua, tumeshikana mikono, vivuli vyetu viko chini ya nyayo.

Dada, kuta zilikimbia. Zote kwa pamoja, bila mlio, kama pazia linalovutwa na mtu mwenye haraka. Jua likaingia mpaka kona ya jiko. Sikuwahi kuiona nyumba yangu nzuri vile, nilitamani kulia. Na wewe ukawa umekaa pale, kati ya jiko na bafu, pale pale ulipopachagua, umeelekea ua.

Nilikimbia hata kandambili moja ikabaki. Ulinikumbatia. Mikono yako ilikuwa baridi kidogo, safari ndefu. Hukuja na mzigo wowote, na nilipouliza umeingiaje ukasema ulikuwa hapa tangu nilipokukaribisha, tulikuwa tu hatujakuona. Wewe na mafumbo yako. Umependeza. Yale makunyanzi ya kukodolea uzi yameisha kabisa, uso umetulia kama shuka iliyonyooshwa. Umevaa nguo ya kitambaa cha gauni langu, nikakutania kwamba kumbe uliniibia vipande, ukacheka nilipocheka, ukanyamaza niliponyamaza.

Hukula kitu, umesema umeshiba kutuona. Bwana Rula yeye kanywea tu. Namwambia asikuonee haya, shemeji si mgeni. Meza sasa imesimama sawasawa, dada. Sina la kuomba tena.

Mdogo wako mwenye bahati,
Chiriku


Jumapili, tarehe 15 Juni

Kwa shemeji yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Naiandika hii nikiwa nimeegemea gari la dereva, na nitamwomba aiweke mbali na ya mke wangu. Utaniwia radhi, shemeji, kwa swali nitakalokuuliza. Uko wapi?

Kama uko kwetu, basi nimekukosea heshima na ninaomba msamaha mapema. Kama uko kwako, tafadhali endelea kusoma.

Sisi wachora ramani za nyumba tuna mtu mmoja wa kipimo. Urefu wake ni mmoja, mabega yake ni mamoja, nimemchora tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mke wangu alipotaka kushona wale watu nilimpa vipimo vya huyo. Sikukupima wewe, shemeji, nisingethubutu. Lakini siku ya harusi tulipopigwa picha ulisimama kando yangu, nakumbuka kichwa chako kilinifika begani.

Huyu aliye ndani akisimama mlangoni anaujaza sawasawa. Kiti kinamfaa, dirisha linamfaa, kila nilichokichora kinamkaa kama kilikatwa juu yake. Sasa anampita mke wangu kidogo kwa urefu, na mke wangu haoni. Nilipomwambia, alinijibu kwamba furaha hurefusha watu.

Najua kufanya hesabu na hesabu hii hainijii. Jana usiku kuta zilirudi zenyewe. Chumba changu kimetengwa na cha mke wangu. Naomba unijibu kwa mkono wa dereva, anikabidhi mimi mwenyewe, si mtu mwingine.

Shemeji yako,
Mume wa Chiriku


Jumamosi, tarehe 21 Juni

Chiriku, mdogo wangu, mwanangu,

Sikujibu barua kwa sababu nilikuja. Ukisoma hii uisome ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho.

Mimi sijawahi kukaa ndani ya nyumba yako. Sijakukumbatia tangu siku ya harusi. Jumamosi ile saa sita nilikuwa hapa, mezani, nilizifungua kuta zote kwa vidole vyangu kumi, kisha nikataka kukitia kijumba kwenye boksi. Nikaona mtu wangu wa kitambaa hayupo. Nilichungulia chini ya meza, kwenye takataka za vitambaa, ndani ya viatu vyangu. Hayupo. Barua zenu mbili ziliponifika nikaacha sare za watu kwenye cherehani na mguu wa kushonea bado umezibana.

Dereva alinishusha barabarani jana mchana. Nyumba niliijua kwa jinsi ulivyoieleza, ukuta mweupe mtupu. Nikatafuta mlango. Niliizunguka, Chiriku, nikaizunguka tena nikiupapasa ukuta kama kipofu. Pale panapopaswa kuwa mlango lipu ilikuwa laini, na yenye joto la jua, kama haijawahi kutobolewa. Nikamwuliza dereva, maana ndiye anayeleta barua. Akakuna kichwa, akasema yeye siku zote hupiga honi tu, na mtu hutoka, hajawahi kuangalia ametokea wapi.

Nikakusikia. Ulikuwa uani, unacheka, maji yanamwagika. Nikakuita kwa nguvu zangu zote. Maji yakakoma. Nikasikia unasema kuna mtu anaita, mbona sauti kama yako. Kisha nikasikia sauti yangu mimi, kutoka ndani, ikisema, "Ni mchuuzi tu. Ukimjibu atashinda hapo."

Ukacheka tena, ukaendelea kumwaga maji.

Sijui kama umewahi kusikia sauti yako mwenyewe ikimdanganya mtoto uliyemlea. Niliupiga ule ukuta mpaka dereva akanishika mabega akaniingiza garini.

Kosa ni langu. Uliniita mimi, na mimi nikamtuma mtu wa kitambaa akae kwenye nafasi yangu, kwa mzaha, kwa sababu niliona aibu kuja kuwa mzigo. Nafasi uliyoniwekea ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, na haikukubali kukaa tupu. Sasa nakuja kweli kweli, hata kama ni kwa kuvunja. Ila nisaidie kutoka ndani. Mwambie shemeji atoboe ukuta wa barabarani. Na huyo aliye nawe muulize nilikuahidi nini nilipokufunga zipu. Hilo hakuwepo kulisikia.

Usimwoneshe barua hii.

Dada yako, mfupi wa kufika begani


Jumanne, tarehe 24 Juni

Wewe uliye kule kwa dada,

Dada amesema nisikuite tena dada, neno hilo linakuchanganya. Lakini mwandiko wako ni wake kabisa, mpaka mkia wa herufi ya mwisho, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuandika "kipenzi" kabla hajaushika. Nisamehe kama nimekuwa mkavu. Sipendi kumhuzunisha mtu wakati mimi nina furaha hivi.

Sikumwonesha barua yako. Alikuwa amesimama nyuma yangu tu, akaisoma naye, akanipapasa nywele mpaka nilipoimaliza.

Nilimuuliza kama ulivyoomba. Sikutaka, niliona ni kumvunjia heshima, lakini nilimuuliza. Hakufikiri hata kidogo. Alisema, huku akilainisha ile nguo yake ya kitambaa cha gauni langu, "Nilikuahidi nitakuja kukaa nawe. Nimekuja. Yeye alikuja?"

Swali hilo nakuletea wewe.

Usiwe na wasiwasi juu ya Bwana Rula. Nilimwambia habari ya kutoboa ukuta, akachukua nyundo, tena kwa haraka ambayo sijawahi kumwona nayo. Lakini nyumba nayo ina haya zake, haikupenda. Sasa amepata chumba chake mwenyewe, kidogo, cha kufanyia kazi, katikati ya vyumba vingine. Hakina uwazi bado. Tunamsikia akipima, rula inagonga ukuta huu, inagonga ule, na kila siku vipimo anavyovitaja ni vidogo kuliko vya jana. Nikiweka shavu ukutani namwambia nampenda, na yeye ananijibu. Wapo wake wangapi ambao waume zao wako nyumbani mchana kutwa? Dada anasema penzi la kuongea kupitia ukuta halichakai, na mimi naanza kumwamini. Usiku nalala chumbani kwake dada, kama zamani, mgongo kwa mgongo. Hapumui kwa kelele kama alivyokuwa. Halali kabisa nadhani, ananilinda.

Ile harufu ya chaki na mafuta ya cherehani ndiyo sijaipata kwake. Nilimwambia jana, kwa utani tu. Akageuka akatazama ua. Kisha akaniuliza habari zako. Aliuliza unakaa upande gani wa mtaa, unaamka saa ngapi, unashona ukiwa umekalia kiti kipi, kama kuna jirani anayekujulia hali. Nikamweleza yote. Nilifurahi kuona anakujali, maana barua zako zingemchosha mtu yeyote mwenye moyo mwepesi.

Anasema kosa si lako. Anasema ulibaki umshikie nafasi, na umeishika vizuri, ila sasa umechoka na ndiyo maana unasikia sauti kwenye kuta za watu. Anataka kuja kukupumzisha. Mimi nilimwambia asubiri dereva, akasema gari halina haja.

Akaniuliza pia kama kuta zako ni za kusukuma au za kujengwa. Nikasema za kujengwa, za zege, tangu enzi za mama. Akasema si kitu, ataziangalia mwenyewe.

Kwa hiyo usije huku, usijisumbue. Kaa hapo hapo ulipo, endelea na sare zako. Dada atakutembelea kabla ya mwezi kwisha.

Chiriku